Mzee aliyepotewa na kumbukumbu naye huumwa: dhana potofu na ukweli wake

“Akili zimeshamruka, hata maumivu hayasikii.” Maneno haya husemwa wodini, Unguja na Pemba, na aghalabu wanaoyasema ni watu wenye huruma. Si kweli. Maradhi haya, dimensia, huharibu kumbukumbu na uwezo wa kujieleza, lakini haimwondolei mtu maumivu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba waliovunjika nyonga wakiwa na dimensia kubwa walipewa kama thuluthi moja tu ya dawa kali za maumivu, za jamii ya mofini, walizopewa wenzao wenye akili timamu. Mvunjiko ni uleule.

“Angekuwa anaumwa angesema.” Wengi husema, wakiulizwa vizuri. Swali liwe fupi na la sasa hivi: “Babu, hapa panauma?”, mkono wa muuguzi ukiwa juu ya goti, kisha asubiriwe ajibu. Kumuuliza jana usiku alilalaje ni kumtwika asichokiweza.

Asiyeweza kusema kabisa hutazamwa. Kipimo cha maumivu kiitwacho PAINAD, cha mwaka 2003, huangalia mambo matano: pumzi, sauti za kulalamika, uso, mwili, na kama anatulia akibembelezwa. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2. Hakihitaji chombo chochote, basi hakuna wodi inayoshindwa kukitumia. Ila mzee atazamwe anapogeuzwa, anapovishwa na anapokalishwa, kwa sababu akilala tuli maumivu ya viungo hujificha. Wapo wazee waliosahau hata majina ya wanao, lakini wakisikia adhana bado wanataka kuswali. Anayekunja uso akirukuu, au kushika kiuno akiinuka, ameshajibu swali.

“Huyu mzee ana fujo.” Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Anapiga kelele usiku, anavuta mpira wa mkojo, anampiga mkono binti yake anayemuosha, na haraka inatafutwa dawa ya kumlaza. Akilala wote wanapumzika, maumivu yakibaki palepale. Kwanza apapaswe tumbo: mkojo umeziba? Choo kimefunga siku ngapi? Ageuzwe mgongo na makalio yatazamwe, pengine pana kidonda cha kulalia. Huko Norway, utafiti wa mwaka 2011 uliwafuata wakazi 352 wa nyumba za wazee, wote wenye dimensia na fujo. Waliotibiwa maumivu kwa hatua, wengi wao kwa parasetamoli, fujo zao zilipungua kwa asilimia 17 ndani ya wiki nane. Fujo au uzito wa akili unaoanza ghafla ni jambo jingine: huenda ni maambukizi, na daktari aitwe hapohapo.

“Apewe dawa akiomba.” Hataomba. Dawa itolewe kwa saa zilizopangwa. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, na kwa mzee aliyekonda au mwenye ini bovu daktari ataipunguza. Nyumbani waulizwe mapema alikuwa akinunuliwa nini dukani. Diklofenaki, ambayo wengi huiona dawa ya kawaida, inaweza kumtoa mzee damu tumboni na kumharibu figo.

“Mofini itamzoesha.” Kwa maumivu makali, ikianzwa kidogo na kupandishwa polepole, pamoja na dawa ya kulainisha choo na jicho kwenye pumzi na usingizi wake, hofu hiyo isimnyime nafuu. Ya kuepukwa kwa wazee ni pethidini, dawa nyingine kali ya maumivu, ambayo mabaki yake hujikusanya mwilini, yakamvuruga akili na hata kumletea degedege.

Na yule binti anayelala chini ya kitanda hospitalini asionekane anasumbua. Yeye anajua babake akiumwa huuma meno, au hukataa uji. Aulizwe siku ya kwanza, na maneno yake yaandikwe kwenye faili, wa zamu ya usiku ayasome.