Mazoezi, mazoea, desturi: maana ya mtindo wa maisha wenye afya

Neno mazoezi na neno mazoea ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka kwenye kuzoea: zoezi ni kile unachojizoeza, mazoea ni kile ulichokwisha kukizoea. Mtindo wa maisha wenye afya ni safari ya kutoka neno la kwanza kwenda la pili. Umefika pale ambapo kutembea, kula mboga au kulala mapema hakuhitaji tena kuamuliwa kila siku. Jambo linafanyika tu, kama unavyopiga mswaki bila kujiuliza kama leo una hamu.

Wengi wetu hapa Uganda tunaishia kwenye zoezi. Januari mtu ananunua raba mpya, anapanda na kushuka vilima vya Kampala alfajiri, anaacha soda, chapati na posho (ugali) kwa mkupuo mmoja. Wiki ya tatu mvua inanyesha, au kuna msiba kijijini, na raba zinarudi chini ya kitanda. Naona ni makosa kumwita mvivu. Alijitwisha mambo manne mapya siku moja, na kila moja lilidai uamuzi wake kila asubuhi. Nani angeweza?

Kuna uchunguzi uliofanywa na watafiti wa University College London, ukachapishwa 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja tendo moja dogo la kurudia kila siku kwa wiki 12, mfano kula tunda pamoja na chakula cha mchana. Muda wa kati wa tendo kugeuka mazoea ulikuwa siku 66, lakini watu walitofautiana mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo ile hesabu inayosemwa kila mahali, kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21, isikuvunje moyo. Jambo jingine walilogundua linanipa faraja zaidi: kuruka siku moja hakukuharibu kilichokuwa kinajengeka. Waganda husema kamu kamu, gwe muganda, kijiti kimoja kimoja ndicho kinachofanya mzigo wa kuni. Kimoja kikidondoka njiani, mzigo bado upo.

Tendo jipya hukaa likishikizwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ukitafuta saa maalumu ya kuzipata hutaipata. Lakini anayetoka Bombo kwenda kazini katikati ya Kampala anaweza kushuka taksi Wandegeya na kumalizia kwa miguu, kama dakika 25, na jioni akarudi vivyo hivyo kupanda gari palepale. Siku tatu za namna hiyo zinatimiza dakika 150, na hakulipa jimu yoyote. Safari ilikuwepo tayari. Yeye kaongeza miguu tu.

Ndiyo maana Ramadhani huwatatiza wengi. Chakula, usingizi, saa za kazi, vyote vinahama, na tendo lililoshikizwa hapo linaanguka navyo. Dawa yake ni kulihamisha nalo. Aliyezoea kutembea asubuhi atembee kwenda na kurudi tarawehe, kisha Shawali arudi kwenye njia yake ya kawaida.

Kwenye chakula, kwenda polepole ni kwa ajili ya ulimi hasa. Chumvi inayopendekezwa kwa mtu mzima haifiki gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na ulimi uliozoea chumvi nyingi utalalamika. Ukipunguza kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa unazoea, na mchuzi unakuwa na ladha yake ileile. Matoke na posho si maadui. Kinachokosekana sahanini mara nyingi ni mboga za majani kama nakati na dodo, pamoja na maharage, na hivyo si vyakula vya matajiri. Mwenye presha au kisukari aendelee na dawa zake na aongee na wahudumu wa kituo chake cha afya kabla ya kubadilisha mambo makubwa.

Zaidi ya mazoea kuna desturi, yaani mazoea ya nyumba nzima. Nyumbani kwetu Busia, mama alipoambiwa ana presha hatukumpikia sufuria yake peke yake. Sote tulipunguza chumvi, na kwa kuwa tulikuwa tumeanza, sukari nayo tukaigusa: kila wiki mbili nusu kijiko kilitoka kwenye chai, kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Hakuna aliyenung'unika zaidi ya siku mbili. Siku hizi mama akienda kwa majirani wakamtilia vitatu, hunywa kidogo kwa heshima, akirudi anasema wamempa sharubati.