Dhana Potofu Kuhusu Seli za Kinga, Magonjwa ya Mchochota na Saratani

Hapa Mombasa, wauzaji wengi wa miti shamba huahidi "kuongeza kinga", kana kwamba kinga ikizidi, baridi yabisi na saratani hukoma. Sina ugomvi na habbasoda wala mlonge. Ninachopinga ni ahadi hiyo. Katika ile aina ya baridi yabisi inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili, seli za kinga ndizo zinazoshambulia utando wa ndani wa viungo vya mgonjwa mwenyewe, na ndiyo maana daktari humpa methotrekseti, dawa ya kuituliza kinga hiyo. Anayeiacha kwa siri ili "ajiongezee kinga" huacha viungo vyake viendelee kuliwa.

Wengine huamini kuwa saratani huota pale tu ambapo seli za kinga hazikufika. Ni kweli kwamba kinga ikidhoofika sana, kama kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetibiwa, baadhi ya saratani huongezeka. Lakini tangu mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza kuwa chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo seli za kinga, humo ndani ya uvimbe wa saratani zimo. Mfano ulio karibu nasi ni kichocho, ambacho watu wa Kwale na Kilifi wanakijua vyema: mayai ya minyoo yake, yenye mwiba, hukwama katika ukuta wa kibofu, seli za kinga huyazingira tabaka kwa tabaka, na mchochota huo, yaani uvimbe unaoletwa na seli za kinga zikipambana, ukidumu miaka mingi huacha makovu na kuharibu vinasaba vya seli jirani, hata saratani ya kibofu ikaanza. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo yenyewe, kwa hiyo mtoto anayekojoa damu apelekwe hospitali mapema, asiambiwe kuwa yatapita.

Wala si kweli kwamba dawa za kuamsha kinga hazina madhara kwa kuwa zinatumia nguvu za mwili wenyewe. Wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuondoa breki zinazozizuia seli T, aina ya seli za kinga, zisiue saratani. Breki hizo zikiondolewa, seli hizohizo zaweza kushambulia utumbo, mapafu au tezi ya shingo. Mgonjwa anayepewa dawa hizi akianza kuharisha au kukosa pumzi, amwarifu daktari wake siku hiyohiyo.