Kasuku anayejinyonyoa manyoya sio lazima ana utitiri

Watu wengi wakiona kasuku wa kijivu kifua kiko wazi wanasema moja kwa moja ana utitiri (vidudu vidogo vya ngozi na manyoya), wanakimbilia dawa ya kupulizia ya kuku. Jamani tusifanye hivyo, utitiri kwa kasuku wa ndani ni nadra sana na hizo dawa zinaweza kumuua.

Angalia kichwa chake kwanza. Kama kichwa kina manyoya yote ila kifua na mapaja yako uchi basi anajinyonyoa mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haufiki kichwani. Kichwa nacho kikiwa na upara, hapo fikiria ugonjwa au ndege mwenzake anamnyonyoa.

Huyu ndege kwao ni misitu ya Kongo na Uganda, anaishi kwenye makundi makubwa, anashinda akitafuta chakula, alafu sisi tunamfungia peke yake kwenye tundu na bakuli la alizeti, kutwa nzima hana kazi, yaani inauma kumwangalia. Upweke, stresi, kukosa vitamini A, ngozi kavu, hata ini likiumwa, vyote vinamfanya ajinyonyoe.

Kwahiyo anza na daktari wa mifugo anayejua ndege. Mpe karoti, mchicha (parachichi hapana, ni sumu kwake), mnyunyizie maji, fungia chakula kwenye karatasi akitafute mwenyewe, alale masaa 10 hadi 12 gizani. Usimpigie kelele akijinyonyoa, anazidi. Na wahi, vishimo vya manyoya vikishaharibika hayaoti tena.