Je, wajua kwa nini pangaboi la kuzalisha umeme kwa upepo, lililofungwa juu ya paa Nairobi, huzunguka kutwa na betri isijae?

Siku mawingu yakiachia, panda ghorofa ya juu ya ploti yoyote upande wa Kawangware au Dagoretti, uangalie magharibi. Vilima vya Ngong vinaonekana wazi, na kileleni imepangwa ile mitambo myeupe ya upepo. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Leo kituo hicho cha KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme nchini, kina uwezo wa megawati 25.5. Ukiwa umesimama hapo kando ya kamba ya nguo, shuka za jirani zikikupiga usoni, wazo linakuja lenyewe: upepo ninao, mafundi wa jua kali wamejaa Kamukunji na Gikomba, mbona nisitengeneze wangu mdogo nipumzike kununua tokeni?

Mtaani kwetu fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alilifuata wazo hilo hadi mwisho. Alichukua altaneta ya gari kuukuu, yaani ile jenereta ndogo inayochaji betri ya gari, akakata mabawa matatu kwa paipu ya maji taka ya inchi sita, akaviinua vyote juu ya bomba lililofungwa ubavuni mwa tangi la maji. Lilizunguka vizuri sana. Watoto walikuja kulitazama. Lakini betri aliyoiunganisha haikujaa wiki hiyo wala iliyofuata, na watu wakasema altaneta ilikuwa mbovu. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu fundi yule hakukosea kuchomelea wala kuunganisha nyaya, na hata altaneta ilikuwa nzima.

Tuanze na upepo wenyewe, maana hapo ndipo penye siri kubwa. Nguvu iliyomo ndani ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Sababu ni mbili zinazofanya kazi pamoja. Hewa yenye kasi mara mbili inabeba nishati mara nne kwa kila kilo, na papo hapo kilo zinazopita kwenye mabawa kila sekunde zinakuwa mara mbili. Mara nne kwa mara mbili, ni nane.

Sasa tia hesabu hiyo kwenye mtambo wa kipenyo cha mita 2, ambao ndio ukubwa ambao mtu wa kawaida anaweza kuubeba na kuupandisha. Mabawa yake yanafagia eneo la mita za mraba 3 na kidogo. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, yaani ule unaotikisa majani na kuburudisha uso, unapitisha hapo wati 42 hivi. Huwezi kuzichukua zote, kwa kuwa hewa iliyonyang'anywa nguvu yote ingesimama nyuma ya mabawa na kuziba njia. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba kikomo ni asilimia 59.3, hata mtambo uwe bora namna gani. Wa kutengenezwa nyumbani, ukijumlisha msuguano, nyaya na jenereta, ukipata robo umefanya kazi safi. Kwa hiyo wati 42 zinageuka kuwa 10 au 11: balbu mbili za LED, basi.

Upepo ukifika mita 6 kwa sekunde, mtambo uleule unatoa wati 85 hivi. Ukifika mita 10, unakaribia 400. Ndiyo maana anayesema “kwetu kuna upepo” bado hajasema kitu. Tofauti kati ya upepo wa mita 3 na wa mita 6 huwezi kuisikia vizuri kwa shavu, lakini kwa betri ni tofauti ya kiberiti na jiko.

Nairobi ina kikwazo kingine kisichoonekana. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa ina uzito wa karibu kilo 1.2, ya Nairobi ni karibu kilo 1. Kwa mwendo uleule wa upepo tunapoteza takriban moja ya sita ya nguvu kabla hata bawa halijazunguka. Hesabu zangu hapo juu nimezifanya kwa hewa yetu hii nyepesi.

Vipi basi Ngong inafanya kazi, na iko juu zaidi? Kwanza ni mahali. Upepo unaovuka nyanda unapokutana na safu ya vilima unabanwa na kulazimika kupita juu kwa kasi, kama maji ya mto penye mawe. Jambo hilohilo, kwa ukubwa wa ajabu, ndilo linaloipa Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, upepo wake: hewa inabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na pale ndipo ilipo mitambo 365 ya Ziwa Turkana yenye uwezo wa megawati 310. Pili ni ukubwa. Mitambo ya kawaida ya Ngong ina kipenyo cha mita 52. Kipenyo ni mara 26 ya ule wako wa mita 2, lakini eneo linalofagiwa ni mara 676. Na ule mzunguko wa kizembe unaouona ukiwa mbali ni macho kudanganywa na umbali. Ncha za mabawa yale zinaweza kukata hewa kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Turudi kwenye paa. Upepo ukigonga jengo haupiti ulivyokuja. Unapasuka, unajikunja, unarudi nyuma, na vurugu hiyo inapanda hadi mara mbili ya kimo cha jengo na kuendelea nyuma yake mara kumi, hata ishirini ya kimo hicho. Sasa fikiria Pipeline au Kayole, ghorofa zimegusana mabega. Pangaboi lililofungwa mita mbili juu ya tangi linakaa katikati ya vurugu hiyo. Linageuka huku, linageuka kule, linazunguka kwa nguvu nukta chache kisha linapoa. Ndilo linalovutia watoto, na ndilo lisilojaza betri. Wajenzi wenye uzoefu hutaka mabawa yawe angalau mita 10 juu ya kila kitu kilicho karibu, miti na majengo yakihesabiwa, na hiyo maana yake ni mlingoti wenye waya za kuushikilia pande zote. Kwenye ploti ya hamsini kwa mia waya hizo zitatua kwa jirani.

Bado altaneta. Hii ni nzima, na bado haifai. Altaneta ya gari imetengenezwa kukaa karibu na injini inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na chini ya mizunguko elfu moja hivi haitoi chochote cha maana. Mtambo wa mita 2 kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde unazunguka mara 280 au 290 tu kwa dakika. Unaweza kuweka puli na mkanda ili kuongeza mwendo, ila mkanda wenyewe unakula nguvu, na kwenye upepo mdogo unakula yote. Kuna jambo baya zaidi: altaneta haina sumaku ya kudumu. Inatengeneza sumaku yake kwa kuchota umeme kutoka kwenye betri, wati 30 hivi. Kwa hiyo pangaboi la jirani yangu lilikuwa likinyonya betri lililotakiwa kuijaza.

Anayetaka kufanikiwa huanza na sumaku za kudumu. Mskoti Hugh Piggott, anayeishi Scoraig, rasi isiyofikiwa na umeme wa gridi, alitengeneza muundo ambao watu wameunakili duniani kote: sahani mbili za chuma zenye sumaku kali za neodimiamu, katikati yake koili za waya wa shaba zilizogandishwa kwenye gundi ya fiberglasi, na vyote vinazungukia habu ya gurudumu la gari. Hakuna puli wala mkanda. Sumaku zinapita mbele ya shaba na umeme unazaliwa, jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831. Habu unaipata Kirinyaga Road, sahani unakatiwa Gikomba. Kazi iko kwenye kusuka koili kwa mkono, zote ziwe na mizunguko sawa. Njia nyingine ambayo naona imetufungukia karibuni ni mota za gurudumu za pikipiki za umeme zilizokufa betri. Ile isiyo na gia ndani, ukiizungusha kwa mkono inatoa umeme papo hapo.

Mabawa yawe matatu, membamba. Mitambo ya kusukuma maji kama ile ya Kijito iliyotengenezwa Thika ina mabawa mengi mapana kwa sababu pampu inataka nguvu ya kuinua, polepole. Jenereta inataka mwendo. Mdenmaki Poul la Cour alilithibitisha hilo Askov, katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1891: mabawa machache yaendayo kasi ndiyo yafaayo kwa umeme.

Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu ni maisha ya watu. Ncha ya bawa kwenye upepo wa mita 10 inakwenda karibu mita 60 kwa sekunde. Bawa la paipu likivunjika hapo linaruka kama panga, na chini kuna watoto. Betri ikijaa usiukate tu mtambo kutoka kwenye betri. Mtambo ukikosa mzigo utakimbia hadi ujivunje. Kunahitajika kidhibiti kinachopeleka umeme wa ziada kwenye koili ya kupasha moto, mkia unaougeuza mtambo ubavu upepo ukizidi, na swichi ya kuunganisha nyaya tatu za jenereta pamoja ili usimame. Na usiuchomeke kamwe kwenye soketi ya nyumba. Fundi wa Kenya Power aliyepanda nguzo akijua stima imekatwa anaweza kuuawa na umeme wako. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson au Eastleigh, mlingoti mrefu unahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Kwa hiyo, hapa mjini naweza kupendekeza? Kwa wengi wetu, hapana. Upepo wetu wa chini huamshwa na jua: unaanza kuchangamka saa tano asubuhi, unapata nguvu alasiri, usiku unalala. Unakuja saa zilezile ambazo paneli ya jua inafanya kazi, na paneli moja ya wati 100 inakupa wati-saa 400 au zaidi siku yenye jua, bila kitu cha kuvunjika. Kwa mwenye ekari iliyo wazi Kitengela au mgongoni mwa Ngong, jibu langu ni tofauti, na ningeuunganisha upepo na paneli hizohizo.

Sisemi hivi ili kumkatisha mtu tamaa. William Kamkwamba wa Malawi alikuwa na miaka 14 alipotengeneza wake kwa dinamo ya baiskeli, feni ya trekta na magogo ya mikaratusi, akawasha taa na redio nyumbani kwao. Na mwaka 1887 profesa James Blyth aliwasha taa kwa upepo kule Marykirk, Uskoti. Alipotaka kuwagawia wanakijiji umeme uliobaki, wakamwambia ni kazi ya shetani.

Kabla hujanunua hata sumaku moja, tafuta mti mrefu wa kujengea au bomba, ufunge riboni kila baada ya mita mbili, uusimamishe pale unapotaka kujenga, uuangalie alasiri kwa siku kadhaa. Riboni za chini zitacheza na kujikunja. Panda nazo kwa macho hadi uione iliyonyooka ikielekea upande mmoja bila kutikisika. Mabawa yako yaanzie juu ya hiyo, na kama hakuna iliyonyooka, hela hiyo inunulie paneli.