Limau na chumvi si dawa ya kutu ya shaba

Wiki hii nimeletewa tena heller ya Kijerumani, ile sarafu ndogo ya shaba iliyotumika hapa kwetu enzi za ukoloni, iliyosuguliwa kwa limau na chumvi mpaka ikawa na rangi ya waridi, na mwenye nayo akataka kujua imepanda thamani kwa kiasi gani. Nilimjibu kwa upole zaidi kuliko nitakavyoandika hapa. Haijapanda hata kidogo. Imeshuka, na hakuna fundi wa Dodoma wala wa Berlin atakayeirudisha ilivyokuwa.

Kosa linaanzia kwenye kuidhania kutu kuwa ni tope lililogandia juu ya sarafu, kwamba ukilibandua utaikuta sarafu nzima imekaa chini yake inakungoja. Kutu ya shaba ni shaba yenyewe iliyogeuka, na kwa sarafu iliyolala ardhini karibu miaka mia moja, uso ule uliogongwa muhuri kiwandani mara nyingi umo ndani ya matabaka ya kutu. Taji, tarehe, na ile herufi ndogo ya A au J inayotuambia kama sarafu ilitoka Berlin au Hamburg, vyote huenda vimebebwa na utando mwembamba wa oksidi nyekundu, yaani shaba iliyoungana na oksijeni. Asidi ya limau huyeyusha utando huo bila kuuliza. Kinachobaki kinang'aa, ndiyo, lakini kinang'aa kwa sababu kimechubuliwa.

Linaloniudhi zaidi ni mtu kusema "ina kijani" kana kwamba kijani ni kimoja. Kijani kilichokolea, kigumu, chenye uso laini ukipitisha ukucha, kwa kawaida ni kabonati ya shaba. Hicho kimetulia, tena kinailinda sarafu, na wakusanyaji hukilipia. Kiacheni. Kijani cha kuogopa ni kile kilichopauka, cha unga, kinachojitokeza kwa vidoa; ukikigusa kwa ncha ya mwiba chini ya lenzi kinamomonyoka na kuacha kishimo chenye kuta zilizoliwa. Hiyo ni kloridi, yaani shaba iliyoungana na klorini. Iliyojificha ndani ya sarafu ikikutana na unyevu na oksijeni huzaa asidi ya hidrokloriki, asidi hiyo hula shaba ambayo bado ni nzima, kloridi mpya inatokea, na mzunguko unaanza upya. Chumvi ya mezani nayo ni kloridi. Kwa hiyo anayesugua sarafu ya namna hii kwa limau na chumvi anampa mgonjwa sumu ile ile iliyomlaza kitandani, kisha anashangaa kwamba baada ya miezi michache kijani kimerudi kikiwa kingi kuliko mwanzo.

Sisi wa Dodoma tunadanganywa pia na hali ya hewa. Kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, na hewa ikiwa kavu ugonjwa huu hunyamaza, hata mtu akaapa kwamba dawa yake imefanya kazi. Subiri mvua za Desemba, au mpelekee sarafu hiyo shemeji yako aliyeko Tanga, ndipo utakapojua ilikuwa imepona au ilikuwa imelala tu.

Maji ya bombani msiyatumie. Kila anayechemshia chai hapa mjini anajua chumvi inayobaki kwenye birika. Tumieni maji yaliyotoneshwa, na mkiyanunua kwa jina la maji ya betri hakikisheni muuzaji hakuwapa asidi, kwa maana jina hilo wengine huvipa vyote viwili. Mengine ni subira: loweka, badilisha maji, rudia, chokonoa kidogo kidogo kwa mwiba wa mgunga (ambao kwetu haununuliwi), sindano ya chuma iache kwa fundi cherehani, kisha kausha kwa asetoni safi, mbali na moto.

Naomba pia nizungumzie heller 20 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imekata njia ya kuleta sarafu kutoka Ujerumani. Zipo za shaba na zipo za shaba ya manjano, yaani yenye zinki, na tofauti hiyo ni ya msingi kwa anayezikusanya. Asidi hung'oa zinki usoni na kuacha wekundu wa shaba. Nimekwisha kuonyeshwa kwa fahari "ya shaba nyekundu" ambayo ukingoni, palipokwaruzwa, ilikuwa ya njano tupu. Huko ni kufuta ushahidi wa sarafu ni ya aina gani, na anayefanya hivyo hawezi baadaye kunilaumu kwa kukataa kuiandikia maelezo.

Nakiri kwamba hata njia zetu sisi tunaojiita mafundi zina walakini. Kuloweka kwenye maji hakutoi kloridi yote. Kuloweka kwenye magadi ya dukani huchukua wiki nyingi na huweza kubadili rangi ile ile tuliyokuwa tukiilinda. Benzotriazoli, kemikali ya kukinga shaba, huzuia kutu isiendelee, lakini haishiki sawasawa kwenye vishimo vyenye kloridi nyingi, na si kitu cha kushika bila glavu. Vitabu huandika "sarafu imetibiwa" kwa kujiamini kunakonishangaza; mimi huandika "imetulia", naiweka kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na mvua zikianza naifungua na kuikagua tena. Sarafu ambayo haina kijani cha unga, hata iwe nyeusi kiasi gani, huwa namrudishia mwenyewe ilivyo, na simtozi kitu.