Maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani: ombi moja, maana tatu

Mtu akikuambia, "Nitafutie maneno ya Kiingereza yenye A, T na E," usikimbilie kujibu. Ndani ya ombi hilo moja mna maombi matatu.

Pengine anataka herufi hizo zifuatane hivyohivyo, a-t-e, bila kitu katikati yake. Hapo utampa water, skate na material. Pengine anataka ziwemo zote tatu, popote pale, kwa mpangilio wowote, hata zikichanganyika na nyingine: table, heart, weather. Au anataka neno lililoundwa kwa herufi hizo tu, kila moja ikitumika mara moja. Hapo unabaki na ate, eat, tea na eta, jina la herufi ya Kigiriki. Maombi mawili ya mwanzo yana majibu tele. La tatu, ambalo huitwa anagramu, majibu yake yanahesabika kwa vidole. Wengi wanaolalamika kwamba programu ya kutafutia maneno imewapa takataka waliuliza ombi moja huku wakitarajia jibu la jingine.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye kamusi. Kamusi hupangwa kwa herufi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ukitaka maneno yanayoanza na str, unafungua ukurasa na kuyakuta yamekaa pamoja. Ukitaka yanayoishia na ough, mpangilio huo haukufai kitu: cough limo kwenye C, rough kwenye R, though kwenye T. Ndiyo maana kuna kamusi za kinyume, ambazo hupanga maneno kwa kuyasoma kuanzia mwisho. Humfaa sana anayetafuta vina, ingawa kwa ough hata hizo zitamwangusha, maana maneno hayo matatu yanaandikwa mkia mmoja na kutamkwa mikia mitatu tofauti.

Kwa anagramu kuna hila nzuri zaidi. Chukua neno listen, lipangue, kisha panga herufi zake kialfabeti: eilnst. Fanya hivyo kwa silent, utapata eilnst. Enlist na tinsel, vilevile. Kompyuta ikishaliandalia kila neno ufunguo wa namna hiyo, haihitaji kujaribu mipangilio 720 ya herufi sita. Inapanga herufi ulizoiletea, inatafuta ufunguo unaolingana, na maneno yote manne yanatoka kwa mkupuo.

Unapojua baadhi ya nafasi lakini si zote, tumia alama za kujazia. Kwa kawaida alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja, na kinyota badala ya herufi zozote, ziwe nyingi au isiwepo hata moja. Kwa hiyo c?t huleta cat, cot na cut. C*t huleta hayohayo pamoja na coat, chat na carrot.

Mchezo wa Wordle, ambao Josh Wardle aliutoa kwa umma mwaka 2021, kazi yake ni hii tu: kubahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita. Tuseme umeshajua kwamba ya pili ni A, ya nne E, ya mwisho R. Umbo lako ni ?a?er, nalo lina maneno mengi mno: water, paper, baker, later, safer, wafer, racer, eager. Sasa ongeza kwamba T, P, K na S hazimo. Wanne wa kwanza wanaanguka, na safer anawafuata. Ukigundua kwamba F imo, limebaki wafer. Angalia kilichofanya kazi: herufi zilizokosekana zilichuja zaidi kuliko zile zilizokuwemo.

Herufi nazo hazina uzito sawa. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili kujua ipi ni ya kawaida na ipi ni adimu. Katika seti ya Kiingereza yenye vigae 100, E ina vigae 12, kila kimoja pointi 1. Q ina kigae kimoja, pointi 10. Basi ukiwa na E, M na Z mkononi, anza na Z. Kusaka kwa E ni kama kumsaka mtu bila kumtaja jina.

Q ina tabia yake: karibu kila mara huburuta U nyuma yake. Yaliyoponyoka mengi ni maneno ya kuazima, kama niqab, qanat na faqir, ambalo kwetu ni fakiri, na qi ya Kichina, kipenzi cha wacheza Scrabble. V nayo haipendi kukaa mwishoni. Ndiyo maana have, give na love zimebandikwa e isiyotamkwa. Sisi tuliozoea maneno yanayoishia kwa irabu husahau kuuliza habari za mwisho wa neno, kumbe kwa Kiingereza huko kuna mavuno: ing, ed, ly na tion hukuonyesha herufi mbili hadi nne kabla hujajua ya kwanza ni ipi.