Kumisi si kutetemeka

Kumisi ni tukio la ndani ya silinda: mchanganyiko wa hewa na mafuta haukuungua, au umeungua nusunusu, kwa sababu ya hitilafu ya cheche, ya mafuta au ya mgandamizo. Maana haizidi hapo. Hata hivyo, hapa Dar es Salaam, kuanzia Gerezani hadi Tabata, kila gari linalotikisika husemwa kwamba linamisi, na mwenye gari hutumwa dukani kununua plagi na koili, vifaa vya cheche, hata pale ambapo kilicholegea ni krosi jointi, yaani kiungo kinachopinda, ya propela, mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma.

Kinachozidisha mkanganyiko ni taa ya injini. Mtu akichomeka mashine ya kupimia na kusoma P0300, namba ya hitilafu ya misi, au P0302 inayotaja silinda ya pili, huamini kwamba kompyuta ya gari imeona silinda ikikosa moto. Haikuona. Katika magari mengi hakuna kifaa kinachochungulia ndani ya silinda. Kuna sensa inayosoma gurudumu la meno linalozunguka pamoja na krankishafti (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni), gurudumu ambalo mara nyingi lina nafasi za meno 60, mawili yakiwa yameachwa wazi makusudi ili kompyuta ijue pa kuanzia kuhesabu. Silinda ikiungua, krankishafti huongeza kasi kidogo. Isipoungua, meno yanayofuata hufika kwa kuchelewa, na kompyuta hukisia kutokana na kuchelewa huko.

Kwa hiyo mtikisiko wowote unaorudi kwenye krankishafti kupitia giaboksi na klachi unaweza kuandikwa kuwa ni misi. Barabara ya makorongo huweza kufanya hivyo, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huisimamisha hesabu hiyo kwa muda sensa za magurudumu zinapoonyesha njia mbaya. Gari la mashindano ya mita 402 ndilo huidanganya zaidi: flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krankishafti, imepunguzwa uzito, sahani ya klachi haina springi, na tairi pana la nyuma hujikunja na kupiga linapoondoka. Kompyuta ya kiwandani haikupangiwa mambo hayo. (Ile milio ya kukatakata kwenye mstari wa kuanzia ni cheche zinazokatwa kwa makusudi kuzuia mizunguko isipande; nayo si misi.)

Hesabu husaidia kutenganisha. Injini ya mipigo minne ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, kila silinda hupaswa kuungua mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo silinda moja ikifa mtikisiko wake ni mzito na wa polepole. Katika gia ya moja kwa moja, ambapo propela huzunguka sawa na injini, propela huzunguka mara 50 kwa sekunde, na krosi jointi iliyokaa kwa pembe mbaya hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100. Kupandisha injini gia ikiwa huru hakutoshi, kwa kuwa misi nyingine hutokea chini ya mzigo tu. Shikilia mwendo uleule wa gari, kisha badili gia: mtikisiko usipobadilika, tafuta kuanzia propela hadi matairi, ukifuata mizunguko ya injini, rudi mbele.

Fundi akikwambia gari linamisi, muulize kwa upole ni silinda ipi, na ameithibitishaje. Akijibu kwamba linatetemeka, mwombe kwanza azime injini, anyanyue nyuma kwa jeki na stendi, aishike propela kwa mkono na kuichezesha, kabla hujatoa hela ya koili.